Frasila Mbili Begani: Nani Alitufundisha Kusafiri na Mzigo Mdogo?

Kuna jambo linanikera kidogo, na leo nimeona nilitoe. Kila ninapowasikia vijana wenzangu wa mjini wakizungumzia safari za miguu za begi dogo mgongoni, wanazungumza kana kwamba jambo hili limeshuka juzi kwenye ndege kutoka Marekani. Watakutajia Ray Jardine, aliyeandika kitabu cha mwongozo mwanzoni mwa miaka ya 1990 akiwashauri Wamarekani wapunguze mabegi. Watakutajia bibi Emma Gatewood, ambaye mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 67, alitembea njia yote ya milima ya Appalachian akiwa na raba miguuni na mfuko wa kitambaa begani. Kisha watakupa kanuni: ukiondoa chakula, maji na mafuta ya jiko, begi lako lisizidi kilo 4.5.

Sina ugomvi na bibi Gatewood. Namvulia kofia. Ila najiuliza: hivi sisi wa kando ya Nyanza, ambao babu zetu walitembea kwa miguu kutoka Usukuma na Unyamwezi hadi Bagamoyo na kurudi, hatuna la kusema kuhusu mzigo? Kama kuna watu duniani waliofikiri kwa makini juu ya kilo, siku na kiasi cha maji, ni wao. Kwao, kosa la kupima halikuleta maumivu ya mgongo tu. Lilileta kifo.

Basi leo nataka tuzungumze juu ya safari mbili zilizoishia hapa kwetu, moja nyepesi na moja nzito. Zote zinajulikana, lakini mara chache tunaziweka pamoja kwenye mizani.

SAFARI NYEPESI

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliondoka pwani kwenda kutafuta maziwa ya bara. Walikuwa na boti la chuma lililoitwa Louisa, ambalo lingeweza kufunguliwa vipande vipande. Wapagazi hawakutosha, boti likaachwa pwani. Walifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857, wakaenda Ziwa Tanganyika, wakarudi Kazeh katikati ya mwaka 1858 wakiwa wagonjwa na wamechoka. Burton akaamua kubaki apumzike na kuandika. Speke, ambaye macho yalikuwa yakimsumbua, akaomba kwenda kaskazini kuliona ziwa ambalo wafanyabiashara Waarabu wa Kazeh walikuwa wakilisimulia.

Sasa angalia alivyojipanga. Alikuwa na kirangozi mmoja, wapagazi 20, walinzi 10 wa Kibaluchi, na watumishi wachache akiwemo Sidi Mubarak Bombay. Mahitaji yalikuwa ya wiki sita hivi. Basi. Aliondoka Kazeh Julai 9, 1858, katikati ya kiangazi, njia zikiwa kavu. Walipita katika nchi yenye vijiji vingi na chakula cha kununua. Agosti 3, baada ya kuondoka mahali alipopaandika "Isamiro" (wakazi wa Mwanza mnalitambua jina hilo mara moja: Isamilo), walipanda kilima kirefu, na kule juu akayaona maji yametanda. Siku 25 tu kutoka Tabora! Agosti 25 alikuwa amesharudi Kazeh.

Kwa msafara wa wakati ule hiyo ilikuwa kasi ya kuheshimika. Alikuja hata na kipimajoto cha kuchemshia maji, kifaa chepesi kabisa. Maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri unavyopanda juu, hivyo ukijua yamechemka kwa nyuzi ngapi unaweza kukadiria kimo cha mahali. Kwa njia hiyo alipata kimo cha ziwa kilichokuwa karibu sana na kile tunachokijua leo, meta 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kifaa kidogo, jibu kubwa.

Lakini wepesi una bei yake. Speke hakuwa na boti. Alikaa Mwanza siku chache tu, akaongea na mtemi aliyemwandika kwa jina la Mahaya, akaulizia njia ya kuvuka kwenda Ukerewe, ikashindikana. Muda ulikuwa umeisha na mahitaji yalikuwa yanakwisha. Akalibatiza ziwa jina la malkia wake, akarudi Tabora na kutangaza kwamba ndiko Nile inakoanzia. Burton akamuuliza: umejuaje? Umelizunguka? Umeuona mto ukitoka? Ugomvi huo haukuisha. Hata baada ya Speke kurudi tena na James Grant na kuyaona maporomoko ya Nile kule Uganda Julai 1862, wengi London hawakuridhika. Septemba 16, 1864 ilikuwa wakutane na Burton mbele ya wanasayansi katika mji wa Bath. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni.

SAFARI NZITO

Miaka 16 baada ya Speke kusimama juu ya kile kilima, Henry Morton Stanley aliamua kumaliza ubishi. Huyu hakutaka kusikia habari ya wepesi. Aliondoka Bagamoyo Novemba 17, 1874 na watu 356. Mizigo yake ilizidi kidogo ratili 18,000, yaani zaidi ya tani 8, mizigo ya watu 300.

Na alikuja na boti. Lady Alice, alilolipa jina la mchumba wake Alice Pike, lilikuwa na urefu wa meta 12 na liliundwa Uingereza kwa vipande vitano. Lilipofika Unguja likapimwa, na hapo ndipo kichekesho kilipotokea: vipande vinne vilikuwa na kilo 127 hivi kila kimoja, na cha tano kilo 140! Hakuna binadamu wa kubeba hayo kwa miezi katika njia ya mtu mmoja mmoja msituni. Ikabidi fundi seremala aliyekuwepo Unguja avikate upya kabla ya kuvuka kwenda Bagamoyo. Kwa hiyo, ndugu yangu, unapopima begi lako usiku wa kuamkia safari na kukuta limezidi, jua kwamba hauko peke yako.

Njiani ikawa taabu. Januari 1875 msafara ulipotea katika pori lisilo na chakula kabla ya kufika Ituru. Watu walikufa kwa njaa. Stanley alilazimika kumwaga vitu vilivyokuwa ndani ya sanduku la bati na kulifanya sufuria, akapika uji wa shayiri aliokuwa nao kidogo na kuwagawia watu zaidi ya 200. Edward Pocock, mmoja wa vijana watatu wa Kiingereza aliokuja nao, alikufa kwa homa. Huko Ituru wakapigana. Februari 27, 1875 waliingia Kageye, kijiji cha wavuvi kwenye ufuko wa kusini wa ghuba ambayo leo ramani zinaiita Ghuba ya Speke. Siku 103 kutoka Bagamoyo. Waliobaki hawakufika nusu ya walioanza: wengine wamekufa, wengine wametoroka.

Lakini boti lilifika. Machi 8 Stanley alilitia majini, na kwa siku 57 akalizunguka ziwa lote. Alithibitisha kwamba ni ziwa moja, si madimbwi kadhaa kama wapinzani wa Speke walivyodai. Aliporudi Kageye mwanzoni mwa Mei akaambiwa Frederick Barker, kijana mwingine aliyemwacha kambini, amezikwa. Miezi michache baadaye alirudi kwenye kisiwa cha Bumbire, ambako alikuwa amegombana na wenyeji, akiwa na bunduki nyingi, akaua makumi ya watu waliosimama ufukweni na mishale. Hilo nalo lilikuwa sehemu ya mzigo wake. Ukibeba bunduki nyingi utapata pa kuzitumia.

Na Lady Alice? Liliachwa juu ya miamba ya mto Kongo mwaka 1877. Alice mwenyewe alikuwa ameshaolewa na mwanamume mwingine.

HESABU YA KIBABA

Kwa nini msafara wa Stanley ulikuwa mzito hivyo? Si kwa sababu ya boti tu. Tufanye hesabu pamoja.

Posho ya mpagazi kwa siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, kama robo tatu ya kilo kasoro kidogo. Watu 356 wanakula karibu kilo 240 kwa siku. Hiyo ni mizigo ya watu wanane kila siku inayoisha jioni. Kubeba chakula cha mwezi mmoja kungehitaji wapagazi zaidi ya 240, nao pia wanakula! Kwa hiyo chakula hakibebeki. Lazima kinunuliwe njiani, na kukinunua unahitaji fedha. Fedha ya wakati ule ilikuwa nini? Vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, na waya wa shaba. Yaani pochi yenyewe ilikuwa inabebwa na mamia ya watu.

Shanga nazo zilikuwa na fasheni. Rangi inayopendwa huku haitazamwi kule. Burton aliandika kwamba shanga nyekundu za samisami ziliitwa pia "kivunja mji", kwa jinsi kina mama walivyozitaka hadi nyumba zikayumba. Ukibeba aina moja tu unaweza kufa njaa ukiwa na utajiri begani. Kwa hiyo msafiri alilazimika kubeba aina nyingi, na mzigo ukazidi kukua.

Sasa fikiria. Mwaka 2008 huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza Tanzania, uzito wa fedha ya safari ulishuka hadi sifuri. Kilichowatoa jasho wapagazi 300 kiko kwenye laini yako ya simu. Hakuna begi la kisasa lililopunguza mzigo kiasi hicho.

WALIMU WENYEWE

Speke na Stanley wameandikwa vya kutosha. Mimi nataka kuwazungumzia waliobeba. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wataalamu wa njia hata kabla Wazungu hawajaonekana. Wao wenyewe walipeleka pembe za ndovu pwani kwa misafara yao. Mwanahistoria Stephen Rockel ameandika kitabu kizima kuonyesha kwamba walikuwa wafanyakazi wa kulipwa wenye ujuzi, wenye sheria zao za njiani, na waliojua kugoma posho inapopunguzwa. Hawakuwa kundi la kondoo.

Mzigo wa kawaida ulikuwa hadi frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Juu ya hapo mpagazi alibeba vitu vyake, na hapa ndipo tunapaswa kuchukua daftari: ngozi au mkeka wa kulalia, chungu, kibuyu cha maji, kigoda kidogo cha kukwepa ardhi yenye unyevu, na silaha. Orodha imeisha. Weka hiyo kando ya orodha ya vitu unavyopakia kwenda Ukerewe wikiendi moja, uone aibu kidogo.

Walikuwa na mbinu pia. Ya kwanza ni majira: walisafiri kiangazi na kurudi kulima mvua zinapokaribia. Ya pili ni kugawa mzigo: mzigo usiogawanyika ulifungwa kwenye mti na kubebwa na wawili, mzegazega. Ya tatu ndiyo inayonifurahisha zaidi, nayo ni terekeza, neno ambalo Burton aliliandika "tirikeza". Ukiwa na sehemu ndefu isiyo na maji mbele yako, huondoki alfajiri. Unabaki kwenye maji hadi mchana, unapika, unakula, unakunywa ushibe. Jua likipinda unaondoka, unatembea hadi usiku, unalala pakavu bila kupika, kisha alfajiri unaamka na kuyafikia maji ya mbele kabla jua halijawa kali. Umevuka pori kwa kubeba nusu ya maji ambayo ungeyahitaji. Maji lita moja ni kilo moja, na hakuna kampuni itakayokuuzia maji mepesi zaidi. Wataalamu wa Ulaya na Marekani leo wanafundisha jambo lilelile: pika chakula cha jioni penye maji, kisha songa mbele ukalale.

Maneno ya njiani bado tunayo, ila yamebadilika. Posho ilikuwa kibaba cha nafaka. Leo ni bahasha ya semina, na sisi waandishi wa habari tunaijua vizuri mno. Hongo ilikuwa ushuru halali aliolipwa mtemi kwa kupita katika nchi yake. Leo mnajua ni nini. Sijui tuseme lugha imekua au sisi ndio tumeharibika.

MWEPESI KWA NANI?

Hapa ndipo ninapotaka tusimame. Tunasema Speke alisafiri mwepesi. Mwepesi kwa nani? Yeye alibeba bunduki na daftari. Mzigo ulikuwa juu ya watu 20 ambao majina yao hayakuingia kwenye ramani. Ghuba imepewa jina la Speke. Ya Bombay haipo, ingawa bila Bombay aliyeongea naye Kihindustani, Speke asingeelewana na mtu njiani. Bombay alikuwa Myao aliyetekwa utotoni na kuuzwa, akaishi India, akarudi huru. Baadaye akavuka bara zima na Cameron.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na tawi la Mwanza mwaka 1928, misafara ya miguu ilikufa. Lakini kati yake ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na maelfu kwa maelfu ya watu wetu walichukuliwa kubebea majeshi ya Wazungu mizigo. Wengi mno walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Soko la Kariakoo lina jina la kikosi hicho cha wabebaji. Tunanunua viatu pale bila kukumbuka.

Na leo? Nenda Kilimanjaro. Mtalii anapanda na kibegi cha maji, anapiga picha na kuandika kwamba amesafiri mwepesi. Nyuma yake wapo wapagazi, wanaoitana "wagumu", na mahema, meza, viti na mitungi ya gesi. Kanuni inasema mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20. Ni hatua kubwa ukilinganisha na frasila mbili. Lakini kanuni inalindwa na mizani ya getini na mteja anayeuliza. Usipouliza, kilo ulizozikwepa wewe hazijapotea. Zimehamia kwa mwingine.

Sisi wa ziwani tunalijua somo la uzito kwa machozi. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza ikiwa imejaza kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa. Septemba 20, 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara ikiwa na watu wengi kuliko kiwango chake. Zaidi ya 200 hawakurudi nyumbani. Kwa hiyo nikisema kupima mzigo si mchezo wa matajiri, mnielewe.

HAYA, UNATAKA KUTEMBEA?

Kwa wale watakaouliza "sasa tufanyeje?", haya ndiyo niliyoyatoa kwenye historia hii kwa ajili ya siku mbili tatu za kutembea ufukweni, tuseme kuelekea Igombe, Kayenzi na Kageye:

1. Pima. Mizani ya duka la rejareja inatosha. Stanley alipima boti lake Unguja, akachelewa. Wewe pima nyumbani.

2. Jiulize safari ni ya nini. Speke aliacha boti, akakosa jibu alilolifuata. Stanley alilibeba, akalipata. Mzigo mdogo maana yake si kuacha kila kitu. Ni kubeba kile ambacho bila hicho safari haina maana, na kuacha mengine yote.

3. Chagua Juni hadi Septemba, njia zikiwa kavu. Hilo peke yake linakuondolea nguo za mvua na matope.

4. Chakula: bibi zetu walishamaliza kazi. Michembe na matobolwa ni viazi vitamu vilivyokaushwa, havina maji ya kubeba, na vinakaa muda mrefu. Ongeza dagaa wakavu wa ziwani. Una wanga na protini kwa gharama ndogo kuliko pakiti yoyote kutoka nje.

5. Maji usiyabebe mengi kuliko umbali hadi kisima kinachofuata, lakini usinywe ya ziwa bila kuyachemsha au kuyatibu. Na usioge wala kukanyaga kwenye maji yaliyotulia penye majani. Kichocho hakijali begi lako lina kilo ngapi.

6. Usiache chandarua. Ni chepesi, na malaria ni nzito.

7. Pita ofisi ya kijiji, jitambulishe, omba ruhusa ya kulala. Misafara ilipiga hodi kwa mtemi. Adabu haina uzito wowote.

8. Ukimlipa kijana wa kijijini akubebee au akuongoze, muulize jina lake, na ukiandika habari ya safari yako, liandike.

Namba nane ndiyo iliyonifanya niandike yote haya. Nyingine utazipata popote.